Msiseme walijitakia

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi pale Majengo, Dodoma, foleni ndefu kama kawaida ya wikiendi, jamaa mmoja akawa anazungusha simu watu waone klipu, meli ya mizigo inakimbizwa na boti mbili ndogo, ndani kuna watu wana bunduki na ngazi. Maharamia wa Kisomali, stori ikaanzia hapo. Mara kaka mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akasema hao wa kwenye meli nawaonea huruma maana wako kazini, wanatafuta ugali wa watoto, ila wale wazungu wanaozunguka dunia na viboti vya matanga wakitekwa mimi hata sishtuki, nani aliwatuma, wamejitakia. Watu wakaitikia, kweli bwana, hela zikizidi zinawasha.

Nikasema tu kwamba hao watu mnaowasema nimewafanyia kazi miaka mitano, sivyo mnavyodhani, nikagusia mama mmoja Mwingereza aliyetekwa na wazee wangu wawili Waholanzi. Lakini pale huwezi kumaliza maneno, zamu inafika, redio inapiga kelele, mwingine kashaingiza habari za Yanga. Nimekaa na hilo neno moyoni siku tatu. Ndo naandika sasa, na itakuwa ndefu, mnivumilie.

Nieleze kwanza mtu wa Dodoma bahari kaijulia wapi. Kwetu ni Bahi, mzee alikuwa na ng'ombe na shamba la uwele, maji mengi niliyoyajua utotoni ni yale mabwawa ya Bahi yakijaa wakati wa mvua. Mwaka 2007 nikashuka Dar kutafuta maisha, nikabeba zege miezi kadhaa, halafu binamu yangu akanipeleka sehemu moja kule Msasani ambako yoti za wageni zinatia nanga. Kazi yenyewe ilikuwa usiku kulinda, mchana kuwapelekea maji na dizeli kwa kiboti cha mpira, na boti ikipandishwa nchi kavu unasugua chini kote kule kulikoganda magamba na majani kisha unapaka rangi upya. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 23, nikajifunza mafundo ya kamba, nikajifunza kusoma upepo. Nimerudi Dodoma 2012 na sababu ya kurudi utaiona huko mbele.

Sasa yoti ni nini. Wengi mkisikia yoti mnafikiria yale madude meupe ya matajiri yenye helikopta juu. Zile nilizokuwa nazihudumia mimi nyingi zilikuwa na urefu wa mita kumi, kumi na mbili, ndani humo kuna kitanda, jiko la gesi la plate mbili, choo cha kupampu kwa mkono, rafu ya vitabu, na watu wawili, mara nyingi mume na mke waliostaafu, waliouza nyumba kwao wakanunua boti. Yaani hiyo boti ndo nyumba. Hawana nyingine. Walikuwepo mafundi bomba, walimu, manesi. Walikuwa wanabishana na mimi bei ya nyanya kama mama yeyote wa Majengo anavyobishana.

Kulikuwa na wazee wawili Waholanzi, majina yao siweki hapa, walifika Dar Septemba 2009 na upepo wa kusi wakitokea Mayotte. Yule mama alikuwa nesi zamani, nilikatwa na kamba kwenye kidole gumba akanishona mwenyewe pale pale juu ya meza ya kulia chakula. Kila asubuhi nikifika na kiboti nampa shikamoo, nilimfundisha kuitikia, basi akawa ananiwahi, kabla sijafungua mdomo yeye kashasema marahaba mwanangu. Nilikuwa nawaletea karanga na ubuyu kutoka Dodoma nikipata mtu wa kunitumia.

Mpango wao ulikuwa kwenda kaskazini, Shelisheli kwanza, halafu wapite Ghuba ya Aden waingie Bahari ya Shamu, Suez, Mediterania, wafike kwao. Mtoto wao alikuwa ameshapata mtoto na hawajamwona. Mzee alikuwa na ramani ya bahari kubwa amebandika mkanda pembeni, kila akisikia kwenye redio meli imeshambuliwa anaweka alama ya penseli. Upande wote wa Somalia ulikuwa umejaa misalaba midogo midogo, kama shamba la mtu aliyepanda mbegu bila mstari.

Ili uelewe kwanini yoti inatisha kuliko meli, piga hesabu hizi. Yoti ya mita 11 upepo ukiwa mzuri inakwenda maili sita za baharini kwa saa, hiyo ni kama kilomita 11, baiskeli ya kwenda Bahi inaiacha. Faiba ya maharamia, yaani ile boti yao ndogo nyepesi, yenye mashine kubwa inafika maili 25 kwa saa. Meli ya mizigo ina ukuta mrefu wa chuma, wanazungusha seng'enge, wanamwaga maji ya presha, wengine wanabeba walinzi wenye silaha, na meli ikikimbia maili 18 na kuendelea ilikuwa shida sana kuipanda. Nyingine zina chumba cha ndani cha chuma ambacho mabaharia wanajifungia wakisubiri msaada. Yoti kutoka majini hadi juu ni kimo cha kiuno, mtu anapanda kama anapanda kibaraza. Kujificha wapi, chooni? Halafu faiba zenyewe hazitoki pwani moja kwa moja, zinavutwa na jahazi kubwa waliloliteka, humo wamejaza petroli, maji na chakula, wanakaa baharini wiki nzima maelfu ya kilomita kutoka kwao. Kwahiyo hata ukisema nitapita mbali, mbali ni wapi.

Kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa ni upepo. Kusi ikikaza, kuanzia Juni hadi Septemba, bahari ya Somalia inachafuka kiasi kwamba faiba haziwezi kutoka. Kaskazi nayo ikipamba moto Desemba na Januari ni hivo hivo ingawa si sana. Wanatoka wakati wa tangambili, upepo unapogeuka, bahari inalala, yaani Machi, Aprili, Mei, halafu tena Oktoba na Novemba. Na huo ndo wakati ambao na mwenye yoti naye anaona bahari imetulia, tuondoke. Angalia miezi. Yoti ya Kifaransa iliyoitwa Tanit ilitekwa Aprili 2009, ilikuwa inakuja Zanzibar. Lynn Rival Oktoba 2009. Choizil Oktoba 2010. Bahari ikiwa nzuri kwako ni nzuri na kwa anayekuwinda.

Lynn Rival ndo iliyobadilisha kila kitu pale kwetu. Walikuwa Waingereza wawili, Paul na Rachel Chandler, mume na mke, yeye 59 mke 55, boti ya futi 38. Walitoka Mahe kule Shelisheli, na walikuwa wanakuja huku. Tanzania! Safari ya kama maili elfu moja, siku nane tisa hivi. Hawakwenda Somalia, hawakukaribia hata, walikuwa wanakimbia mbali na Somalia kuja kwetu kula pweza na kupumzika. Usiku wa tarehe 23 Oktoba mume amelala, watu wenye bunduki wakapanda. Meli ya serikali yao ilifika ikaona kwa macho wakihamishwa kupelekwa kwenye meli nyingine iliyokuwa imetekwa, haikuweza kufanya kitu maana ukipiga risasi unawaua wale wale unaotaka kuwaokoa.

Walikaa mateka siku 388. Maharamia waliomba kwanza dola milioni 7 kwa wastaafu wawili ambao hawakuwa matajiri. Kuna kipindi waliwatenganisha mume huku mke kule, wakipigwa. Juni 2010 familia ikadondosha pesa kwa ndege, maharamia wakapokea na wasiwaachie. Wakaachiwa Novemba 14, na mmoja wa waliohangaika sana mpaka wakatoka ni Msomali mwenyewe aliyekuwa anaishi London akiendesha teksi. Hilo nalisema makusudi kwa wale wanaotukana Wasomali wote kwa mpigo.

Siku habari ile ilipofika pale Msasani nakumbuka vizuri. Yule mzee Mholanzi alizima redio, akachukua bikari yake kama zile za shuleni, akapima kutoka Mahe hadi alama mpya, akapima tena, kisha akaiweka bikari mezani taratibu na hakusema chochote. Mama akaniuliza wewe unaonaje mwanangu. Mimi Mgogo wa Bahi nimuonyeshe njia ya bahari mtu aliyetoka Ulaya kwa upepo! Lakini aliuliza kweli, alikuwa anataka jibu.

Nikamwambia habari za mabasi ya Kigoma. Miaka ile kule Kibondo, Kasulu na Biharamulo majambazi walikuwa wanateka mabasi porini, basi yalikuwa yanakusanywa kituoni asubuhi, yanasubiriana, polisi wenye bunduki wanapanda, ndo msafara unaondoka. Nikauliza na nyie si mngefanya hivo? Mzee akasema ipo. Manowari za Ulaya zilikuwa zimeanza doria tangu Desemba 2008, na Ghuba ya Aden iliwekwa njia maalum meli zinasindikizwa, lakini mwendo wa yoti ni mdogo, meli zenye haraka haziwezi kuisubiri, na nje ya ile ghuba bahari ni kubwa mno, manowari iliyo karibu inaweza kuwa mbali kwa siku nzima. Basi la Kibondo lina barabara moja. Bahari haina.

Usiku ule mama akanionyesha vitu walivyokuwa wameviandaa. Kulikuwa na pochi kuukuu yenye dola 200, kadi ya benki iliyokwisha muda na saa ya mkononi iliyokufa, hiyo ni ya kuwapa wezi wadogo wa bandarini waridhike waondoke, pesa ya kweli ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akaniambia kwa wale wa Somalia hii pochi haisaidii, maana wao hawataki nilichonacho, wananitaka mimi. Hapo ndo nikaelewa tofauti ya mwizi na mteka watu. Mwizi akishachukua anaondoka.

Basi wakaamua kwenda kusini. Wapite Msumbiji, Richards Bay, wazunguke Rasi ya Tumaini Jema, wapande Atlantiki yote, safari iliyokuwa miezi mitatu minne ikawa zaidi ya mwaka. Na huko nako si lelemama, kuanzia Novemba vimbunga vinaingia ule mlango wa Msumbiji, na pwani ya Afrika Kusini mkondo wa Agulhas ukikutana na upepo wa kusini magharibi wimbi linasimama kama ukuta. Wenye yoti wengi sana walibadilisha njia hivyo, wengine walipakia boti zao juu ya meli za mizigo zivushwe mpaka Mediterania kwa pesa nyingi. Mimi nilishangilia waziwazi. Nikamwambia mama kusini ni salama, nenda, mwakani utambeba mjukuu. Waliondoka katikati ya Novemba, tezi, yaani nyuma ya boti yao, ikiniangalia mpaka ikapotea nyuma ya kisiwa cha Bongoyo. Walifika salama, namshukuru Mungu.

Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 2010, yoti nyingine inaitwa Choizil ikaondoka Dar kwenda Richards Bay. Njia ile ile. Ilikuwa na watu watatu, nahodha na mtu na mwenzie wa Afrika Kusini. Wakatekwa, wakapelekwa kaskazini hadi Somalia. Nahodha akagoma kushuka kwenye boti yake, akaokolewa na wanamaji wa Ulaya, wale wawili wakashushwa nchi kavu na wakakaa mateka mpaka Juni 2012. Miezi ishirini. Unaelewa nilivyojisikia? Neno nililomwambia yule mama kwa furaha yote, kusini ni salama, lilikuwa uongo ambao bahati tu ilizuia usijulikane mapema. Kila mtu pale alikuwa analisema, wenyeji kwa wageni, manahodha wenye miaka arobaini majini walikuwa wanalisema. Kwahiyo mtu akiniambia walijitakia namuuliza, walijitakia kwa kwenda wapi? Waliokwenda kaskazini walitekwa, waliokuja magharibi walitekwa, waliokimbilia kusini walitekwa.

Na Februari 2011 ndo ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Yoti ya Wamarekani, Quest, ilitekwa tarehe 18 ikielekea Oman, watu wanne ndani, manowari za Marekani zikawa zinaifuata kwa karibu, mazungumzo yanaendelea, tarehe 22 wote wanne wakauawa na waliowateka. Siku mbili baadaye familia ya Kidenmaki, baba, mama na watoto watatu, nao wakatekwa. Hao waliachiwa Septemba. Ile Tanit niliyoitaja ilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, makomandoo wa Ufaransa walipovamia kuwaokoa mtoto na mama walipona, baba akafa kwa risasi ya hao hao waokoaji. Sasa we mwenyewe niambie, kamanda afanye nini? Akisubiri wanauawa, akivamia anaua. Mimi siwezi kumhukumu.

Kuna anayesema kuhusu Tanit kwamba walionywa. Ni kweli walionywa, na kwa hilo nakubali kuna kosa, hasa ukiwa na mtoto. Kuna Mjerumani pia aliyetekwa Somalia 2008 akakaa siku 52, akaachiwa, akarudi Somaliland kuifuata boti yake Rockall, miaka minane baadaye akatekwa tena Ufilipino na kundi la Abu Sayyaf, mwenzie akauawa siku ya kutekwa na yeye akauawa Februari 2017. Watu wanamtaja kama mfano wa ukaidi. Mimi namuona mtu ambaye hakuwa na nyumba nyingine. Ng'ombe wa baba yangu waliwahi kuibiwa wote usiku mmoja, na hakuna aliyemwambia aache kufuga.

Kuhusu hao vijana wa Kisomali, najua wameanzia wapi. Serikali yao ilianguka 1991, bahari ikabaki haina mwenyewe, meli kubwa za nje zikaja kukomba samaki wao, na wavuvi ndo wakashika bunduki mwanzoni. Hilo ni dhuluma na lisemwe. Lakini mume na mke kwenye futi 38 hawakuchukua hata changu mmoja wa mtu. Na wengi waliolipia hasira hiyo si hata hao wa yoti, ni mabaharia wa kawaida, mwaka 2010 peke yake walitekwa 1,181 duniani, wengi mno mikononi mwa Wasomali, Wafilipino, Wahindi, watu wa kutuma pesa nyumbani kila mwezi.

Sisi tuliumia kimya kimya. Kabla ya 2009 pale tulipokuwa ungeweza kukuta yoti kumi na kitu za wageni kwa wakati mmoja, 2011 kuna wiki nilihesabu mbili. Waliokuwa wanafua nguo zao, waliokuwa wanawauzia samaki, mafundi wa matanga, madereva bajaji, wote tulikauka. Mwajiri wangu akatupunguza mmoja mmoja, Machi 2012 zamu yangu ikafika, nikapanda basi nikarudi huku. Sasa hivi nauza kamba, maturubai na vifaa vya ujenzi, maisha yanaenda.

Hali ilikuja kupoa, doria, walinzi kwenye meli, na nchi zetu kukubaliana Djibouti mwaka 2009 kupeana taarifa, Dar es Salaam ikiwa moja ya vituo vitatu vya hizo taarifa pamoja na Mombasa na Sana'a. Tarehe 1 Januari 2023 makampuni ya meli yakaifuta Bahari ya Hindi kwenye orodha ya maeneo ya hatari kubwa. Haukuisha mwaka. Desemba ile ile wakateka meli ya Ruen, Machi 2024 wakateka ya Wabangladeshi 23 iliyotoka Maputo na makaa ya mawe. Kwahiyo ile klipu ya kwa kinyozi haikunishangaza, ila iliniuma, maana najua mahali fulani kuna mzee ametandaza ramani mezani anaweka tena misalaba.

Jana usiku kinyozi kanitumia meseji, anauliza yule mama Mwingereza uliyesema alikaa mateka mwaka mzima aliishia wapi. Nikamjibu boti yao ilipatikana, wakaikarabati, mwaka 2012 wakarudi baharini wote wawili. Akaandika duh. Baada ya dakika kama kumi akauliza tena, na wale wako Waholanzi je?

Mzee alifariki 2018, kitandani kwao. Mama bado anaishi ndani ya ile boti, imefungwa kwenye mfereji, mjukuu kashakuwa mkubwa. Kila ikifika Novemba ananiandikia kuniuliza kaskazi imeshaingia Dar au bado. Huku Dodoma siwezi kujua, huwa nampigia jamaa wa Msasani, anatoka nje kuangalia boti zimeelekeza omo, yaani mbele yake, wapi, halafu ndo namjibu mama.